Valvu zilisingiziwa: kisa cha transiva ya zamani inayopanda mkondo kila ikipata joto

Hii transiva (redio moja inayorusha na kupokea) nimekaa nayo mezani karibu wiki tatu, na nimeona niandike kisa chote mwanzo mwisho kwa sababu kosa lililofanyika hapa, nikiwemo na mimi mwenyewe kwa siku kadhaa, nimeliona likirudiwa sana na watu wanaotunza redio za ridhaa (za watu wanaorusha kwa kupenda tu, si kwa biashara) za zamani, na kila likirudiwa kuna valvu (zile chupa za kioo zinazokuza mawimbi) zinakufa bure. Na valvu za aina hii nyingi tunazopata sa hivi ni stoku ya zamani, ikiisha imeisha.

Redio yenyewe ni haibridi ya miaka ya 1970. Kwa asiyezijua, wakati ule transista zilishashika karibu kila sehemu ya redio lakini kutoa wati 100 kwenye mawimbi mafupi kwa transista ilikua bado ghali na taabu, kwa iyo watengenezaji wengi wakabakiza valvu mwishoni tu. Upokeaji wote transista, osileta transista, halafu ukija kwenye kurusha unakuta draiva, hatua inayoisukuma ile ya mwisho, ni valvu ya 12BY7A na hatua ya mwisho ni 6146B mbili zimekaa sambamba. Pleti za hizo mbili (kile kipande cha chuma ndani ya valvu kinachopokea mkondo) zinakula volti 800 hivi, draiva volti 300. Kumbuka hizo namba mbili, tutazirudia.

Mwenye redio ni mzee ambaye ametumia hiyo mashine miaka mingi na anaipenda kweli, alivyoileta kitu cha kwanza kuniambia ni "mwanangu, hii redio imeanza kula valvu." Nikamuuliza mzee wangu inakulaje? Akasema jozi ya kwanza ilikufa mwaka jana, akaweka nyingine, nayo ndani ya miezi michache ikaanza kuonyesha dalili zile zile, sasa yuko jozi ya tatu na anaogopa hata kubonyeza maiki. Kupokea iko safi kabisa, inapokea siku nzima haina shida. Shida ni kurusha tu, akianza inakua sawa, baada ya dakika kadhaa mshale wa mita unapanda wenyewe bila hata yeye kuongea, na akichungulia kwenye matundu ya kifuniko anaona pleti zimeiva nyekundu.

Kuna kitu kingine alisema kwa kupita tu ambacho nilitakiwa nikishike pale pale na sikukishika. Alisema kila mkondo ukipanda yeye anachukua bisibisi anaurudisha miliampea 60 kwa poteshometa ya bayasi, ile volti hasi inayoibana valvu. Ndo maana nilivyoiwasha ikiwa baridi mkondo wa kupumzika ulikua miliampea 25 tu, wakati inatakiwa 60. Yaani ilikua imesetiwa kwa hali ya ugonjwa.

Basi nikaiunganisha na mzigo bandia wa omu 50 (rezista inayokaa badala ya antena), nikaweka SSB, ule mtindo wa kurusha sauti ambao usipoongea haitoki nguvu, maiki kimya, nikaseti 60 kama kitabu chake kinavyosema nikaanza kuhesabu muda. Dakika ya pili 72. Dakika ya nne 95. Ya sita imefika 130 nikaachia. Tufanye hesabu kidogo: miliampea 60 kwa volti 800 ni wati 48, ukigawa kwa valvu mbili ni 24 kila moja, na 6146B inaruhusiwa pleti yake itupe joto la wati 35 kwa matumizi ya redio za ridhaa, kwa iyo hapo iko salama. Ila 130 kwa 800 ni wati 104, yaani 52 kila valvu, na hapo hata sauti haijapita. Lazima pleti ziwe nyekundu. Valvu hazikua mbovu, zilikua zinateswa.

Kabla sijaendelea niseme la usalama na sitalisema haraka. Ndani ya redio hii kuna kapasita mbili kubwa za umeme wa juu, mikrofaradi 47 kila moja, zimekaa mfululizo, inakua kama 23.5 kwa volti 800. Hiyo ni karibu juli 7.5 imekaa inakusubiri hata kama umechomoa plagi. Kuna rezista za kushusha chaji ndio, lakini rezista iliyokaa na joto miaka 50 inaweza kuwa imekatika na wewe huwezi kuona kwa macho. Mi natumia kijiti cha plastiki kirefu, mbele nimefunga rezista ya kiloomu 2 ya wati 10, waya wake umebanwa kwenye chasisi. Nagusa, nahesabu mpaka tano, alafu napima na mita ndo naingiza mkono. Usitumie bisibisi kupiga shoti, ile cheche inaumiza kapasita na inaweza kuruka na kipande cha chuma usoni. Na ukipima kitu ikiwa inawaka, mkono mmoja tu, mwingine uweke mfukoni kabisa. Sijali umefanya kazi hii miaka mingapi.

Sasa turudi kwenye ugonjwa. Mkondo wa pleti kupanda wenyewe kuna sababu chache tu, kwa sababu valvu ya 6146B inafungwa na kufunguliwa na volti hasi kwenye gridi, ule wavu mdogo wa kudhibiti ulioko ndani yake. Gridi ikiwa hasi sana mkondo unabanwa, ikipungua uhasi mkondo unaachiwa. Kwa iyo ama bayasi inapungua, ama valvu yenyewe ina gesi au gridi yake imeanza kutoa elektroni, ama volti ya skrini (gridi ya pili ya valvu) inapanda, ama kuna volti chanya inavuja kuja kwenye gridi. Ni hayo tu basi, ukiyafuata moja moja utafika.

Mimi nilianzia kwenye bayasi, na hapo ndo nilipopotea. Nikaenda kwenye ubao wa bayasi nikapima kwenye mguu wa katikati wa poteshometa, nikakuta volti -54, nikabonyeza kurusha nikakaa nayo dakika sita huku mshale unapanda, bayasi imekaa -54 haitikisiki. Nikaandika kwenye daftari "bayasi nzima". Kapasita ya kuchuja ya hapo nilikuta imekauka kidogo nikaibadilisha, poteshometa nikaisafisha kwa spreyi, rilei ya kurusha nayo nikapitisha karatasi nene kwenye kontakti zake, usipitishe msasa tafadhali, ule mpako wa juu ukitoka kontakti haidumu tena. Vyote hivyo vilihitaji kufanywa kwa umri wa redio hii na sijutii. Ila ugonjwa ulibaki vile vile, namba kwa namba.

Nikapima skrini, iko palepale, haipandi.

Basi kama bayasi nzima na skrini nzima, kilichobaki ni valvu, si ndio? Ndo hivo hivo kila aliyewahi kuishika hii redio aliwaza, na ndo maana jozi mbili zilienda. Na mi nikawaza hivo hivo. Nikabadilishana nafasi zile valvu, ya kulia kushoto ya kushoto kulia, hakuna tofauti. Mzee alikua na valvu moja nzuri ameificha, nikaiweka mahali pa ile niliyoishuku, dakika ya sita mkondo ukawa 128. Hapo nikazima nikakaa nikatoka nje kabisa, maana valvu tatu tofauti haziwezi kuumwa ugonjwa mmoja kwa kiwango kimoja.

Kilichonirudisha kwenye njia ni ule mchoro wa saketi, nikaufuata waya kwa kidole kutoka kwenye poteshometa mpaka kwenye valvu, na katikati pale kuna rezista ya kiloomu 22. Mi nilipima kabla ya rezista. Sikuwahi kupima kwenye mguu wa gridi wenyewe! Volti inayoiongoza valvu ni ile iliyofika kwenye pini namba 5 ya soketi, hiyo ya kule kwenye ubao ni ahadi tu. Siku nne nzima zilipotea kwa sababu ya sentimita kumi za waya.

Ila hata ukipima pini 5 valvu zikiwa ndani bado huwezi kumjua mwenye kosa, kwa sababu valvu yenye gesi nayo inasukuma gridi kuelekea chanya, dalili ni ile ile. Dawa ni kuchomoa 6146B zote mbili alafu upime soketi tupu. Kama volti bado inasogea basi valvu hazihusiki, hazipo hata ndani. Mambo mawili ya kuangalia ukifanya hivi. Kwanza soma mchoro, kuna redio ambazo hita za valvu (nyuzi zinazozipasha joto) zimeunganishwa mfululizo na ukichomoa za mwisho unaweza kuzima na draiva. Pili, vile vikofia vinavyokaa juu ya valvu vina volti 800 redio ikiwashwa, na sasa vinaning'inia hewani, kwa iyo mi nilikata mpira mzito nikavivisha kila kimoja na kukifunga mbali na chasisi, kabla ya kuwasha, na ukuta wa chuma wa lile boksi la valvu nikaupima tena mwisho kama uko salama.

Nikawasha, nikabonyeza kurusha, mita moja iko upande wa ubao na nyingine iko pini 5. Zote -54. Dakika tano, zote -54. Dakika kumi, gridi imekua -53.6. Nikaona inasogea ila polepole, na nikaelewa kwa nini, zile valvu mbili ndo zilikua zinapasha joto hilo boksi zima na sasa hazipo. Nikachukua mashine ya kukausha nywele nikapuliza hewa ya uvuguvugu kuelekea upande wa draiva. Aisee! -52, -50, -48, ikatulia -46. Upande wa ubao -54 haujasogea hata kidogo. Nikaacha kupuliza, ikaanza kurudi.

Hapo kanuni ya Ohm (volti gawa kwa omu unapata mkondo) inakumalizia kazi. Tofauti ya volti kwenye rezista ni 8, rezista ni kiloomu 22, kwa iyo kuna miliampea 0.36 inapita pale na inatoka upande wa gridi kwenda kwenye bayasi. Valvu hazipo, kwa iyo imetoka wapi? Lazima mahali penye volti chanya. Ukiangalia mchoro, chanya pekee inayokaribiana na gridi ni pleti ya draiva, ile volti 300, na katikati yao kuna kitu kimoja tu, kapasita ya mika ya pikofaradi 100 ambayo kazi yake ni kupitisha mawimbi ya redio na kuzuia umeme wa moja kwa moja. Kutoka +300 mpaka -46 ni volti 346, gawa kwa miliampea 0.36, unapata karibu kiloomu 950. Yaani kapasita ambayo ilitakiwa iwe kama ukuta imegeuka rezista ya karibu megaomu moja, ikipata joto.

Na ndo maana kupokea hakukua na tatizo. Redio ikiwa inapokea bayasi inashushwa chini sana, yaani inakua hasi zaidi, kuzifunga hizo valvu kabisa, uvujaji wa volti nane hauwezi kuziamsha.

Nikaing'oa. Na sasa sikiliza hapa maana hapa ndo wengi wanadanganyika. Nikaipima kwa mita ya kapasita: pikofaradi 101. Safi. Nikaipima kwa omu kwenye multimita: haisomi kitu, wazi kabisa. Mtu angenipa hiyo kapasita bila kisa ningeirudisha kwenye droo nikaandika nzima. Multimita inapima kwa volti chache tu na kapasita iko baridi, wakati kazini inakaa na volti 350 katikati ya joto. Humpimi mgonjwa akiwa amelala kama ugonjwa wake unakuja akipanda ngazi.

Kipimo chake ni rahisi na mtu yeyote mwenye volti 300 za kuaminika anaweza kukifanya kwa tahadhari. Unaweka kapasita mfululizo na multimita yako iliyoko kwenye volti DC, multimita nyingi za dijitali zina megaomu 10 ndani, basi kapasita na mita zinagawana hizo volti 300. Kapasita nzima, mita inaruka kidogo alafu inarudi karibu na sifuri. Hii yetu ikiwa baridi ilitulia volti 2, ambayo ni kama megaomu 1,500, sio nzuri ila haiui mtu. Nikapuliza joto, ikapanda 40, 120, 200, ikagota 275. Piga hesabu, mita inapitisha mikroampea 27.5, kapasita imebakiwa na volti 25, kwa iyo uvujaji ni kama kiloomu 900. Kwenye redio nilipata 950 kwa hesabu tu bila kuigusa. Nilifurahi sana nilivyoona hizo namba mbili zimekaribiana hivo, sijui nielezeje.

Ya kuweka badala yake usiokote tu diski yoyote ya seramiki. Pale panapita mkondo wa mawimbi ya redio na joto liko juu, zile seramiki za bei nafuu uwezo wake unabadilika na joto na nyingine zinachemka zenyewe. Weka mika nzuri ya volti 1,000 au seramiki ya daraja la NP0 (isiyobadilika na joto) ya volti 1,000 kwenda juu. Mi niliweka mika, nikaipima kwanza kwa njia ile ile ya joto ndo nikailehemu, miguu nimeiacha mifupi kama ya zamani ilivyokua, na imekaa pale pale maana ukiisogeza unabadilisha hali ya saketi nzima.

Na kwa sababu nimegusa njia ya gridi ikabidi nifanye nyutralaizesheni upya, yaani kufuta mawimbi yanayovuja kati ya pleti na gridi ndani ya valvu. Swichi ya skrini iliyoko nyuma nimezima, bendi ya 28 MHz, napeleka nguvu kutoka kwa draiva, afu kwenye mzigo bandia naangalia yale mawimbi machache yanayopenya kwenye valvu zisizofanya kazi, nazungusha trima (kapasita ndogo ya kurekebisha) kwa bisibisi ya plastiki mpaka yawe madogo kabisa. Ilikua imehama kidogo sana, karibu robo mzunguko. Usiiruke hii hatua, redio isiyo sawa hapo inaweza kuanza kulia yenyewe (kujizalishia mawimbi) na hapo unaua valvu kwa njia nyingine.

Nikaseti 60 ikiwa baridi, nikabonyeza, nikawa naichungulia kila baada ya dakika mbili. Dakika ya sita: 60. Ya kumi na tano: 61. Nusu saa: 62, ikabaki hapo. Kwenye 14 MHz inatoa wati 100 kwenye mzigo bandia, kilele cha volti 100 kwenye omu 50, niliisoma kwa kipimo cha dayodi nikahakikisha.

Zile valvu zilizoiva nyekundu ndo zinaniuma. Moja ya jozi ya sasa imechoka, ukiipa nguvu inafika mwisho mapema kuliko mwenzake, ila inafanya kazi na mzee amekubali kuitumia kwa wati 70 mpaka apate nyingine. Nikamuuliza mzee wangu, zile jozi mbili za mwanzo bado unazo? Akasema alizitupa. Sikuweza kumjibu haraka. Labda moja au mbili kati ya zile nne zilikua bado zinafaa kabisa, zilitolewa kwa sababu mshale ulipanda na hakuna aliyepima pini 5.

Kuna kapasita nyingine ya familia ile ile, rangi ile ile, inayopeleka mawimbi kwenye gridi ya draiva. Nimeipima kwa joto, iko kwenye megaomu 600 hivi. Nimeibadilisha na yenyewe japo haikua imefikia kuleta madhara, kwa sababu redio ilikua tayari imefunguliwa. Zingine kwenye upande wa kupokea sijazigusa, volti huko ni ndogo na kinachofanya kazi vizuri miaka hamsini mi huwa nakiacha.

Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi nimeandika tarehe, bayasi upande wa ubao -54, pini 5 baridi -54, pini 5 baada ya nusu saa -53.8, mkondo 60 kwenda 62. Mzee nimemwomba bisibisi asiiguse tena ile poteshometa, na mshale ukizidi 70 bila sauti aachie maiki anipigie.